Mwenye Kujali Siha na Amjue Mkulima Wake

Miongoni mwa mambo yanayowapambanua vijana wa zama hizi na wazee wao, hapa Buswelu mkoani Mwanza na katika miji yote iliyolizunguka Ziwa Viktoria, ni wingi wa mazungumzo yao juu ya siha. Kijana wa leo, awe mwanachuo, mwendesha bodaboda, karani wa Manispaa ya Ilemela au binti mwenye duka la vipodozi, anajua kisukari ni nini, amekwisha sikia habari za shinikizo la damu, ana rafiki akimbiaye barabarani alfajiri kabla ya jua kuchomoza juu ya majabali, na katika simu yake haikosekani picha ya bilauri ya maji ya tango na tangawizi. Maarifa hayo ni neema, kwani wazazi wengi waliyajua maradhi hayo siku walipoambiwa na daktari kuwa wanayo. Walakini kati ya kusema na kununua pana masafa marefu, na kijana yule yule aliyeshinda mchana kutwa akisifu mboga za asili huonekana jioni kwa muuza chipsi, ameshika sahani ya chipsi mayai na chupa ya soda. Makala haya yamekusudiwa kuyafupisha masafa hayo, kwa nasaha zitakazomfaa mtu mwenye chumba kimoja cha kupanga, jiko la gesi la mtungi mdogo, na riziki ya kesho isiyojulikana leo.

Upungufu huo si aibu ya watu wa Mwanza peke yao. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 juu ya wanunuzi wa chakula cha kilimo hai, yaani chakula kilichooteshwa bila mbolea za viwandani wala sumu za wadudu zilizotengenezwa maabarani, yalionyesha kwamba watu waliokisifu chakula hicho walikuwa wengi, ilhali walionunua kweli walikuwa wachache tu. Udhuru wa wasionunua ulikuwa ule ule tunaousikia hapa: bei ni kubwa, bidhaa hazipatikani, alama haziaminiki, na mazoea hayaachiki. Icek Ajzen, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alieleza mwaka 1991 kwamba azma ya mtu ya kutenda jambo hutokana na mambo matatu: rai yake mwenyewe juu ya jambo lile, maoni ya watu anaowajali, na kadiri anavyojiona kuwa analiweza. Kwa kipimo hicho kijana wa Buswelu hapungukiwi na rai. Anapungukiwa na la pili na la tatu, kwani wenzake humcheka akila mlenda na dagaa hadharani, na yeye mwenyewe, asimamapo mbele ya genge saa kumi na mbili jioni, hajui ni fungu lipi la mchicha la kuaminiwa na ni lipi la kuachwa. Mtu wa hali hiyo hahitaji kuhubiriwa zaidi, anahitaji utaratibu.

Tabia za mataifa katika jambo hili hazilingani, na katika kutolingana kwake mna mafunzo. Nchini Denmark serikali ilianzisha alama yake nyekundu mwaka 1989, ikaweka wakaguzi wa dola kuisimamia, na mnunuzi akaiamini alama kwa sababu aliiamini serikali; leo sehemu ya chakula cha kilimo hai katika manunuzi ya watu wa nchi ile ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Marekani nayo ilianza kutumia kanuni za muhuri wa taifa mwaka 2002. Japani walishika njia nyingine: mwanzoni mwa miaka ya 1970, taifa likiwa limeshtushwa na maradhi ya Minamata yaliyoletwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, akina mama wa mijini walijiunga makundi makundi, wakawaendea wakulima, wakaafikiana nao kununua mavuno moja kwa moja shambani, mazuri kwa mabaya, bila ya dalali na bila ya alama, na mtindo huo, waliouita teikei, uliigwa baadaye katika nchi nyingi. Hapa kwetu hatuna desturi ya kusoma vibandiko, lakini tunayo itibari ya zamani juu ya kitu cha kienyeji na juu ya mtu aliyekileta: kuku aliyetumwa na shangazi kutoka Magu haulizwi cheti. Kwa tabia basi tumewakaribia Wajapani kuliko Wadenmark, na mwenye busara hujenga juu ya msingi alio nao.

Kabla ya kuendelea ni wajibu kuondoa dhana moja, kwamba kilimo hiki ni mtindo wa wazungu uliokuja na maduka ya vioo. Kaskazini ya Ukerewe, ndani ya ziwa hili hili, kuna kisiwa cha Ukara, ambacho maafisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walikizuru na kuandika habari zake mwaka 1936 kwa mshangao mkubwa. Waliwakuta Wakara, watu wengi katika ardhi ndogo isiyo na rutuba ya kuzaliwa, wakilima shamba lile lile mwaka hadi mwaka bila ya kulipumzisha, na ardhi isichoke. Ng'ombe wao walifungwa ndani ya nyumba, wakaletewa majani yaliyokatwa kwa mkono, na samadi yao ikachukuliwa mpaka mashambani; katikati ya uwele palipandwa mmea wa jamii ya marejea, ambao baadaye ulifukiwa udongoni uwe mbolea; na mazao yalipokezana kwa zamu ya miaka iliyopangwa. Wala hakuna mtu aliyewapa cheti. Lakini habari hiyo ina upande wa pili ambao mnunuzi wa mjini hana budi kuuzingatia: kazi ile ilikuwa nzito mno, ya kila siku, ya mume na mke na watoto. Kijana anayeuliza kwa nini fungu la mboga isiyopigwa dawa limezidi bei kidogo akumbuke kwamba pale ambapo chupa ya dawa haikutumika, mkono wa mtu umetumika mahali pake.

Ajabu nyingine ni kwamba nchi yetu inazalisha mazao ya kilimo hai yenye vyeti halali, na sehemu kubwa yanavuka bahari. Wilayani Meatu, safari ya siku moja kutoka hapa, kampuni ya bioRe imekuwa ikishughulika na wakulima wa pamba ya kilimo hai tangu mwaka 1994, na pamba ile huishia kuwa nguo katika maduka ya Uswisi na nchi jirani zake. Kahawa ya Kagera, karafuu na viungo vya Zanzibar, na kakao ya Kyela navyo vina masoko ya namna hiyo Ulaya. Kijana wa Zürich anaweza kuvaa shati la pamba ya Meatu na kujisifia usafi wake, ilhali kijana wa Buswelu, aliye karibu na shamba lenyewe, hajapata kusikia habari zake. Hakuna aliyetudhulumu hapo. Mkaguzi hulipwa na mwenye kuhitaji ukaguzi, na mpaka sasa aliyeuhitaji ni mnunuzi wa mbali. Tulifunzwa jambo hilo pia kwa njia chungu mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu kuvulia. Mlaji wa Ulaya aliuliza samaki wake amevuliwaje, na swali lake likavitikisa viwanda vya samaki vya mwambao huu. Sisi tuliokuwa tukila samaki wa maji yale yale hatukuwa tumeuliza.

Mintarafu ya alama, mambo machache yatosha kuyajua. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki ziliafikiana juu ya kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, pamoja na alama ya pamoja iitwayo Kilimohai, ambayo mkulima au msindikaji huruhusiwa kuibandika baada ya kukaguliwa. Hapa Tanzania jumuiya iitwayo TOAM, iliyoundwa mwaka 2005, huwaunganisha wenye kushughulika na kilimo hicho, na mwaka 2023 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai. Aidha pana utaratibu wa vikundi ambamo wakulima wenyewe, pamoja na wanunuzi wao, hutembeleana mashambani na kudhaminiana, kwa gharama ndogo kuliko ya kumleta mkaguzi kutoka mbali. Basi ukiona pakiti ya asali, ya viungo au ya unga imeandikwa maneno matamu ya uasilia, tafuta kwanza alama hiyo, kisha jina na mahali pa mwenye kuitengeneza. Maneno yasiyo na alama wala anwani ni sifa ambayo mtu amejipa mwenyewe. Alama ya TBS, shirika la viwango la nchi yetu, ni jambo jema na la lazima, nayo huthibitisha ubora na usalama wa bidhaa, lakini haisemi kwamba zao lilioteshwa bila dawa. Na mistari myeusi inayosomwa na mashine ya duka ni hesabu za biashara tu.

Insafu yatulazimu pia kusema yale ambayo sayansi haikuyathibitisha. Mwaka 2012 madaktari wa chuo kikuu cha Stanford walipitia tafiti nyingi, wasipate ithibati ya nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho zaidi, ingawa waliona kwamba uwezekano wa kukutwa mabaki ya dawa ni mdogo. Na mwaka 2014 wataalamu wa Uingereza na wenzao, wakipitia tafiti 343, walikuta mabaki hayo machache, madini ya kadimiamu machache, na baadhi ya viini vya kinga vingi zaidi katika mazao ya kilimo hai. Mahitilafiano yao ni ya kitaalamu. Kwa mlaji wa kawaida hukumu inayofuata ni nyepesi: mchicha uliopigwa dawa ukaoshwa vizuri una faida kuliko mchicha usioliwa kabisa, na biskuti ya kilimo hai ni biskuti.

Kutokana na hayo, nasaha ya kwanza ni kutanguliza kadiri kabla ya aina. Shirika la Afya Duniani linamwusia mtu mzima ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na kijana apimaye sahani yake kwa kweli ataona kwamba ugali umeujaza uso wote wa sahani na mboga imekaa pembeni kama mgeni asiyeitwa. Aongeze kwanza mboga hiyo, hata ikiwa ya kawaida, ndipo afikirie kuiboresha. Na katika jambo hili Kanda ya Ziwa haina umaskini: upo mgagani, mnavu, majani ya kunde, matembele, kisamvu na mlenda, ambazo nyingi huota kwa dawa kidogo au bila dawa, kwa kuwa ni mboga za nchi zilizokwisha zoeana na wadudu wake, ipo nsansa, ambayo bibi zetu wa Kisukuma huikausha wakati wa mvua wakaila kiangazi, na vipo viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Atakayeikausha mboga mwenyewe na aianike kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huiharibu vitamini A.

Nasaha ya pili ni kumjua muuzaji na kumwuliza. Itazame meza ya nyanya sokoni Buswelu. Zile kubwa, ngumu, zenye kung'aa zimepangwa mbele kwa mafungu, na juu ya baadhi yake, hasa karibu na kikonyo, pana unga mweupe au wa samawati iliyofifia. Unga huo aghalabu ni dawa ya ukungu, ambayo mkulima huipiga mara kwa mara masika kwa kuogopa kupoteza shamba zima, na kuifuta nyanya kwa ncha ya kanga si kuiosha. Nyuma ya meza, ndani ya ndoo, zimo ndogo zenye kovu na madoa, ambazo mama huziuza rahisi kwa mama lishe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sokoni kwetu uzuri wa ngozi umekuwa ukinunuliwa kwa chupa, na mnunuzi apendaye uso laini ndiye amlazimishaye mkulima kupiga dawa mara nyingi zaidi. Simama basi, uamkie kama inavyostahili, kisha uulize:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikufungie za shilingi ngapi?"

"Kwanza nijulishe, mama. Hizi zimetoka wapi?"

"Hizi za mbele zimekuja na gari, sijui huko. Za kwenye ndoo ni za Kayenze, za shemeji yangu."

"Shemeji alipiga dawa mara ya mwisho lini?"

Mama atacheka, pengine atasema wewe ni bwana shamba, lakini ukirudi juma la pili na la tatu kwa swali lile lile, atampigia shemeji simu. Swali hilo lina msingi wake: kila dawa iliyosajiliwa ina siku zake za kungoja kati ya kupiga na kuvuna, nazo huandikwa kwenye kibandiko, mkulima azingojaye hukuuzia chakula, na asiyezingoja hukuuzia dawa. Uliza pia maji ya kumwagilia yametoka wapi, kwa kuwa bustani zilizoko kando ya mifereji ya mji hunyweshwa maji machafu, na uchafu huo hauondolewi na jina la kilimo hai. Tena uliza kama mkulima huyo analima pamba, kwa sababu hii ni nchi ya pamba, na dawa iliyokusudiwa pamba haina ruhusa juu ya mboga ya kuliwa.

Nasaha ya tatu ni kununua kwa umoja. Kijana mmoja anunuaye mafungu mawili kwa juma hana sauti mbele ya mkulima, lakini vijana kumi wa mtaa mmoja wa Buswelu, au wa ofisi moja, wakichanga fedha zao kila Ijumaa na kumwagiza mkulima mmoja wa Sangabuye au Kayenze awaletee Jumamosi kapu la mboga lililovunwa asubuhi ile, wanakuwa soko. Mkulima apata hakika ya kuuza, nao wapata haki ya kutembelea shamba na kuona kwa macho stoo ya dawa, shimo la mboji na bomba la maji. Mapatano yao yawe ya haki kwa pande zote mbili: wakubali mchicha wenye matundu machache ya viwavi, wakubali kula kile kilichoko msimuni, walipe kwa wakati, na wasimkimbie mkulima wiki ambayo bei ya sokoni imeshuka. Mwekeni mmoja wenu mwaminifu awe mweka hazina, na hesabu iandikwe kwenye kundi la simu kila mtu aione, kwani vyama vingi vya vijana hufa kwa hesabu kabla ya kufa kwa njaa.

Nasaha ya nne ni kuigawa fedha kwa akili, maana si kila kitu kinastahili bei ya ziada. Ndizi, parachichi, nanasi, tikiti na chungwa zina ganda tunalolitupa, kwa hiyo za kawaida zatosha, nazo za Ukerewe na Kagera zapatikana kwa wingi. Muhogo na viazi vitamu kwa desturi hupigwa dawa kidogo sana. Mahali pa kuongeza shilingi ni kwenye mboga za majani laini, nyanya, hoho na kabichi, ambazo huliwa na ngozi yake na hushambuliwa sana na wadudu. Kuku na mayai ya kienyeji yanunuliwe kwa mtu unayemfahamu, kwa sababu wapo wauzao kuku chotara wa banda kwa jina na bei ya kuku wa kienyeji, wala rangi ya kiini cha yai si shahada, maana hubadilika kwa chakula anachopewa kuku. Kuhusu samaki, sato au sangara aliyevuliwa ziwani haingii katika hesabu za kilimo hai, kwa kuwa hakulimwa. Yeye apimwe kwa ubichi wake, jicho angavu lililojaa, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Dagaa walioanikwa juu ya chanja ni bora kuliko walioanikwa mchangani, na hilo utalijua kwa kuwasaga kidogo kati ya meno: mchanga hausemi uongo.

Nasaha ya tano ni hadhari ya nyumbani. Mboga zote, za kilimo hai na zisizokuwa za kilimo hai, zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, kabla ya kukatwa, na si kulowekwa tu ndani ya beseni. Maji huondoa sehemu ya dawa iliyokaa juu ya ngozi, pamoja na udongo na mayai ya minyoo, ingawa hayaifikii dawa iliyokwisha ingia ndani ya mmea. Kabichi ivuliwe majani ya nje. Kachumbari ya mboga iliyopandwa kwa samadi ioshwe kwa bidii maradufu. Tena wapo watu wadhanio kwamba kitu cha asili hakina madhara, nao wanajidanganya, kwa sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, ni ya asili kabisa, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hapa wapenzi wa dona wanahusika kuliko wengine: dona lina faida ya pumba na kiini, lakini kwa kuwa halikukobolewa hubaki na sehemu kubwa zaidi ya sumu hiyo ikiwa mahindi yaliharibika. Basi nunua mahindi makavu mwenyewe, uyachague punje kwa punje, utupe yenye ukungu, yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi, ndipo uyapeleke mashineni; karanga chungu au iliyokunjamana itemwe, isimezwe kwa kuona haya.

Nasaha ya sita ni kupanda, hata kidogo. Nyumba nyingi za Buswelu zina ua, na zisizokuwa na ua zina kibaraza. Kiroba kimoja cha unga kilichojazwa udongo na mboji, kikatobolewa ubavuni, hubeba miche ya kutosha mtu mmoja, na mchicha huvunwa kwa muda wa wiki tatu au nne. Samadi ya mbuzi au kuku isitiwe mbichi. Iozeshwe kwanza mpaka ipoe na kupoteza harufu. Kanuni za Marekani humkataza mkulima wa kilimo hai kuvuna zao linalogusa udongo kabla ya siku 120 tangu samadi mbichi itiwe, na mwenye kiroba hana sababu ya kuwa mzembe kuliko mwenye shamba. Wadudu wakija, maji ya mwarobaini, pilipili au kitunguu saumu hufaa, na jivu hufaa pia. Lakini maji ya tumbaku yaachwe, kwa maana ni sumu kali ingawa yametoka katika jani. Chupa iliyowahi kutiwa dawa ya shambani isitumiwe tena nyumbani kwa maji, maziwa wala mafuta ya taa, hata ikioshwa mara saba.

Limebaki lile la maoni ya watu, ambalo huvunja azma nyingi kuliko bei. Katika mila zetu mgeni huheshimiwa kwa soda, mwili mnene ulihesabiwa ishara ya neema, na chakula cha kijijini kilipewa lakabu ya umaskini. Naye kijana anayetaka kubadili mwenendo peke yake huonekana mwenye kiburi au mgonjwa anayeficha ugonjwa wake. Asibishane na mama yake kwa maneno ya mtandaoni. Amwombe amfundishe kupika nsansa kwa karanga, aiandae siku ya wageni, awakaribishe kwa maji ya ukwaju au ubuyu yasiyozidishwa sukari, na wenzake watakapouliza imetoka wapi, awatajie mkulima na awatie katika kapu la Jumamosi. Mazoea ya watu hubadilika kwa meza kuliko kwa hoja. Kadhalika asigeuze jambo hili kuwa kipimo cha ubora wa watu, akawadharau jirani wanunuao kwa mafungu ya jioni yaliyonyauka, kwa maana wengi wao hununua kulingana na kilichosalia mfukoni, si kulingana na elimu yao.

Nanyi vijana mnaolima na kuuza, kwa kuwa wengi wenu ndio mnaozifanya biashara hizi katika simu zenu, jueni kwamba itibari ni mtaji ambao ukiliwa haurudi. Usiandike kilimo hai juu ya mboga uliyoinunua alfajiri sokoni Kirumba. Weka daftari la shamba lako: tarehe ya kupanda, mbolea uliyotia, dawa uliyopiga na siku uliyovuna, na umwonyeshe mteja hata asipouliza. Ikiwa ulilazimika kupiga dawa, sema, upunguze bei, ungoje siku zake. Mteja aliyeambiwa kweli mara moja huamini mara kumi. Mkiwa watano au sita wenye nia moja, jiungeni kikundi, mkaguane wenyewe kwa wenyewe, mwaalike wateja washuhudie, kisha ndipo mwitafute alama ya Kilimohai, ili alama iwakute mkiwa tayari mnastahili.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asingoje mshahara wa mwisho wa mwezi wala duka jipya la vioo. Juma hili aongeze fungu moja la mboga kwenye chakula chake cha jioni, aulize swali moja sokoni, na azungumze na wenzake watatu juu ya kapu la Jumamosi. Juma lijalo waende shambani. Atakayeyafanya hayo kwa msimu mmoja wa mvua na kiangazi chake atakuwa na mkulima anayemjua kwa jina, na mkulima huyo atakuwa anajua kwamba kuna mtu mjini anayemwuliza.